Ombi la Wakazi wa Skarland Kuhusu Kipande Namba Kumi na Sita

"Mgeni rasmi, Mheshimiwa Lyman Prentiss, Kamishna wa Ardhi za Jimbo, Mchungaji wetu, Mwalimu wetu, wazee, akina mama, vijana, na ninyi watoto mliokaa kwenye nyasi kwa sababu mabenchi hayakutosha: amani iwe nasi sote mchana huu."

Gudrun Haugen akashusha pumzi. Sentensi ya kwanza ilikuwa imepita bila sauti kumkatika, na hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu alipoamka. Alikuwa ameomba asimame akiwatazama watu, shule iwe nyuma yake. Nyuma ya shule kulikuwa na mwinuko mdogo, na kwenye mwinuko ule kulikuwa na makaburi ya watoto, na kaburi moja lilikuwa la Astrid wake. Hakutaka kusoma huku akiliangalia.

"Sauti, mama, sauti!" alinong'ona Nils Sather, mwenyekiti wa kamati, aliyeiandika risala ile kwa mkono wake na sasa alikuwa amesimama ubavuni mwa Gudrun kama mpambe wa bibi harusi. "Ng'ombe wa Reiter hawakusikii."

"Ng'ombe wa Reiter hawakualikwa. Nyamaza nisome."

Nils mwenyewe ndiye angesoma, ana sauti ya kuvunja vioo, lakini kamati ilimkatalia. Mkewe alimwambia mbele ya watu kwamba akisoma yeye, Kamishna atadhani anagombezwa. Wakamchagua Gudrun, mjane, mtu wa maneno machache, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

Dolph Reiter, mwenye ng'ombe hao, naye alikuwepo. Alisimama nyuma kabisa, ameegemea lori lake, kofia kichwani. Hakuna aliyemwita, ila pikiniki ya kufunga shule hapa Skarland haina mlango wa kumfungia mtu.

KARIBU

"Mheshimiwa mgeni rasmi, tunajua umetoka mbali, na tunajua kwamba ile unayoambiwa ni barabara ya kutoka makao makuu ya wilaya ni barabara kwenye ramani tu. Pole sana. Kahawa ipo, kuku wapo, na mikate myembamba ya viazi, ambayo akina mama wameipika wakibishana ni ya nani iliyo laini zaidi. Tunaomba usihukumu. Kwa miaka yote ofisi yako tumeijua kwa matangazo yaliyobandikwa mlangoni mwa mahakama. Wewe ni Kamishna wa kwanza kuja hapa kwa miguu yako, na hilo hatutalisahau, litoke litakalotoka."

Kamishna Prentiss aliinamisha kichwa kushukuru. Alikuwa mtu mwembamba, koti lake limepauka mabegani, na watu walikuwa wamekwisha kuliona koti lile na kulijadili. Makamishna waliomtangulia, kwenye picha za magazeti, walivaa vizuri zaidi.

HISTORIA YA ARDHI HII

"Mheshimiwa, jimbo letu lilipopokelewa katika Muungano, Bunge kule Washington lililikabidhi ardhi kwa ajili ya elimu. Katika kila eneo la maili sita kwa maili sita, kipande namba kumi na sita na kipande namba thelathini na sita, kila kimoja maili moja kwa maili moja, viliwekwa mikononi mwa jimbo kama amana. Jimbo likodishe, au liuze kwa bei ya haki, na kinachopatikana kiwasomeshe watoto wote, waliopo na watakaokuja.

"Majimbo yaliyotutangulia huko mashariki yaliuza upesi. Mengine yalimaliza kuuza kabla watoto waliokusudiwa hawajajua kusoma, na fedha zikakopeshwa wakubwa, wakubwa wakaanguka nazo. Jimbo letu likaapa kwamba lenyewe litakuwa na adabu. Likaweka bei ya chini kabisa, likaagiza kila mauzo yawe ya mnada wa hadhara. Lakini hadhara, mheshimiwa, inategemea nani ameambiwa. Misitu ya kaskazini ilinadiwa siku ya tufani ya theluji, mbele ya mnunuzi mmoja na mbwa wake. Malisho mazuri ya kando ya mto yalikwenda kwa mashemeji wa wakubwa."

Kicheko kikapita kwenye mabenchi, kicheko kisicho na furaha. Gudrun aliinua macho kuona kama mgeni amekasirika. Hakukasirika. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa maradhi anayoyajua.

"Baba zetu walifika hapa na magari ya farasi. Wakauliza kipande hiki ni cha nani, wakajibiwa ni ardhi ya shule. Wao walikuwa watu wanyoofu. Wakajenga shule juu yake."

Hapo Kamishna alicheka kweli, akaziba mdomo kwa kitambaa.

"Hakuna aliyewaeleza kwamba ardhi ya shule si mahali pa kuweka shule, bali ni mali ya jimbo ya kuzitafutia shule zote fedha. Kwa hiyo, mheshimiwa, kwa mujibu wa sheria, watoto hawa waliokuimbia asubuhi ni wavamizi wa ardhi ya shule."

"Hiyo ni yangu," Nils alimnong'oneza mkewe kwa fahari.

"Tunajua ni yako. Umeisoma kila siku wakati wa kula."

Gudrun akageuza karatasi. Aya iliyofuata aliijua kwa moyo. Nils alipoiandika alimwendea nyumbani kwanza, akavua kofia, akamuuliza kama anairuhusu.

"Kisha ukaja msimu wa baridi wa dondakoo. Njia ya kanisani ilizibwa na theluji, na ardhi iliganda ikawa ngumu kama chuma. Mahali pekee upepo ulipokuwa umefagia theluji ni mwinuko ulio nyuma ya shule. Tukawasha moto juu ya ardhi ili ilainike, tukauchochea usiku na mchana kwa nguzo za ua wetu wenyewe, tukachimba, tukawazika watoto wetu pale. Hatukuomba kibali. Hatukujua kuna wa kumwomba."

Sauti ilikatika. Akasimama kidogo. Mumewe, Ole, ndiye aliyeuchochea moto wa Astrid, na alirudi nyumbani nyusi zimeungua, akakaa jikoni bila kuvua koti. Ole mwenyewe amezikwa kanisani, mbali, pamoja na watu wazima. Astrid ni wa hapa. Gudrun huja kila Jumapili mchana, na siku nyingine huja bila sababu yoyote, na alikuwa akijua kabisa kwamba risala yote hii, maneno yake makubwa na mizaha ya Nils, kwake ilikuwa na maana moja tu: kama ataendelea kuja au la.

Watu walimsubiri. Akageuza karatasi.

MAFANIKIO

"Mheshimiwa, pamoja na hayo hatukukaa bure. Shule hii imetoa walimu, wauguzi na mhandisi mmoja ambaye haandiki barua kwao. Kisima tulichimba wenyewe. Ugomvi wa mipaka ulioliza wilaya nyingine hapa haujulikani, na sababu yake ni desturi yetu moja ambayo tunapenda uisikie. Jimbo linaponadi kipande, jirani aliye ndani yake, yule ambaye kweli anakaa au analima au analisha humo, ndiye anayetaja bei. Sisi wengine tunatia mikono mfukoni. Tunaitia hata pua ikiwasha, kwa maana dalali wa wilaya akiona mkono juu anaandika bei. Mtu wa Skarland hampandishii bei aliye ndani."

Kamishna aliinua kidole. "Samahani, mama. Mnafahamu kwamba desturi hiyo inazipunguzia shule za jimbo mapato? Kila mnapotia mikono mfukoni, ardhi inakwenda kwa bei ya chini kabisa."

Jibu la hilo halikuwemo kwenye karatasi ya Gudrun. Nils alikuwa nalo.

"Tunafahamu, mheshimiwa. Inapunguza mapato. Inapunguza na mazishi."

"Nils!" mkewe alimvuta shati.

"Si ameuliza?"

CHANGAMOTO

"Ukame huu wote tunauona, hatuna haja ya kukusomea. Vumbi umekula njiani. Panzi watakuja kukusalimia wenyewe. Changamoto yetu kubwa ni tangazo. Mwezi ujao kipande namba kumi na sita kinanadiwa chote, na shule, na kisima, na makaburi. Aliyekikodi kipande hicho kwa malisho, mwenye pango lake, ni jirani yetu. Analisha kwa haki na kodi yake analipa. Siku ya mnada yeye ndiye atakayetaja bei, na kwa desturi yetu wenyewe hakuna wa kumjibu. Akishanunua atazungushia seng'enge."

"Nitaweka geti!"

Vichwa vyote viligeuka. Reiter alikuwa ameacha kuegemea lori.

"Nilishasema nitaweka geti. Mbona hamkuandika geti? Someni yote basi, msisome nusu."

"Huna zamu ya kusema, Dolph!" alifoka Nils.

"Nimetajwa, nina zamu. Mheshimiwa, chemchemi ya kwangu imekauka. Ile iliyo pembe ya kusini ya kipande hiki ndiyo niliyobaki nayo. Ng'ombe wa watu wanakuja usiku wanaimaliza. Nisipozungushia, vuli nauza mifugo yote. Na makaburi yao, mheshimiwa, mimi ndiye ninayewafukuzia ng'ombe kwa mikono yangu miaka yote hii. Waulize kama kuna jiwe moja limekanyagwa."

Hakuna aliyesema lipo. Halikuwepo.

"Na ufunguo wa geti, Bwana Reiter?" Gudrun aliuliza. Aliuliza kwa upole, ndiyo maana kila mtu alisikia.

"Utakuwa kwangu. Lazima uwe kwangu, watu wanaacha mageti wazi. Lakini wewe, mama, saa yoyote, unapita nyumbani, unaomba..."

"Ninaomba," alisema Gudrun.

 Reiter hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likiwachosha watu wa Skarland. Angekuwa mbaya wangejua la kumfanya. Gudrun alijiona amesimama kwenye baraza la nyumba ile, siku ya baridi, akimsubiri mke wa Reiter afute mikono aende kutafuta ufunguo, ili aende kumwona mtoto wake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kabla hata haijatokea.

MAOMBI

"Mheshimiwa mgeni rasmi," aliendelea, "tuna ombi moja. Shule ni mbao. Ikibidi tutaiweka juu ya magogo, tutafunga farasi, tutaivuta hadi pengine, kama shule nyingine zilivyovutwa. Makaburi hatuwezi kuyavuta. Kwa unyenyekevu tunakuomba ukiondoe kipande hiki katika mnada, na utupatie bure, kwa kuwa wewe ni mtu mwenye huruma."

Kamishna alisimama. Mgeni rasmi kusimama katikati ya risala si jambo linalofanywa, na Mwalimu aliwatazama watoto kwa jicho la kuwaambia wasilijifunze.

"Mama Haugen, nisamehe, siwezi kukuacha umalize ukidhani nitakubali. Siwezi kugawa. Si yangu. Ni ya watoto wa jimbo zima, na wengine shule zao hazina hata jiko la kuni. Mmenisomea habari za misitu na mashemeji. Mnadhani wale walianza na msitu? Walianza na jambo dogo la huruma kama hili. Mjane mmoja, ekari chache, nani atasema hapana? Baada ya hapo kila mtu alikuwa na mjane wake."

 Gudrun aliona uso wa Nils ukishuka, na akamhurumia.

"Ninachoweza," Kamishna aliendelea, "ni kugawanya mauzo. Sheria inaniruhusu kunadi kwa ekari arobaini arobaini. Hizi arobaini za shule na makaburi nitazinadi peke yake. Chemchemi imo katika arobaini nyingine, nazo zitanadiwa peke yake. Lakini itakuwa hadhara. Yeyote ataruhusiwa kutaja bei, na yeyote akipandisha, mimi sina uwezo wa kumkataza. Na hapo ndipo ninapoishia."

"Basi tumerudi pale pale," alisema Nils, safari hii bila mzaha. "Mwenye pango la zote ni Dolph. Yeye ndiye aliye ndani. Hatuwezi kumpandishia."

"Hata kwa makaburi?" mtu aliuliza kutoka kwenye mabenchi.

"Tukiivunja desturi leo kwa sababu nzuri, kesho mwingine ataivunja kwa sababu mbaya, na wewe ndiye utakayelia kwanza. Una mashamba mangapi ya pango?"

Mtu yule aliivuta kofia yake machoni.

Reiter alikuwa ameinamisha kichwa akiangalia ncha za buti zake. Hakusema atanunua ekari zile, wala hakusema hatazinunua. Ukweli ni kwamba zilikuwa na majani mazuri. Mwinuko ule haujawahi kulimwa.

Gudrun aliikunja risala mara mbili, akaishika kwa mikono yote miwili. Mwalimu alidhani amemaliza na akaanza kupiga makofi, kisha akaacha.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," Gudrun alisema, "kilichobaki hakikuandikwa na kamati, kwa hiyo kikikosewa si kosa la Nils. Desturi yetu mimi naijua. Wazee walipokubaliana, walikubaliana jikoni kwangu, na kahawa niliwamiminia mimi. Hawakusema mwenye pango. Wangesemaje? Nusu yao hawakuwa na pango lolote. Walisema aliye ndani. Anayekaa humo kweli, asipandishiwe bei."

Alielekeza kidole nyuma yake bila kugeuka.

"Ng'ombe wa Bwana Reiter huingia hapa nyasi zikichipua na huondoka theluji ya kwanza ikianguka. Ni haki yao na sisi hatuna neno. Lakini Astrid wangu hajaondoka. Wa kina Moen hawajaondoka. Wa kina Brekke, wote wawili, hawajaondoka hata msimu mmoja. Tangu ule moto, walio ndani ya ekari zile ni wao. Basi siku ya mnada, sisi tutataja bei kwa niaba yao. Hatutataja ile ya chini kabisa, mheshimiwa. Tutataja bei ya haki, tujichange mpaka ifike, watoto wa jimbo wasije wakasema tumewaibia. Na pembe ya chemchemi ikinadiwa, aliye ndani ni Bwana Reiter, na sisi mikono yetu itakuwa mfukoni, wote, mbele yako. Hilo ndilo ombi. Ninalisoma kwako kwa sababu ndivyo risala inavyosomwa."

Hakumtazama Reiter. Hakuna aliyemtazama, na kutomtazama kwenyewe kulikuwa kuzito kuliko macho. Kamishna alikaa chini polepole, akiwa amelishika koti lake.

HITIMISHO

Gudrun aliifungua tena karatasi, kwa sababu hitimisho halina budi kusomwa.

"Tunakutakia, mheshimiwa, safari isiyo na vumbi na kazi isiyo na aibu. Mungu akulinde na marafiki wa ofisi yako, maana maadui utawaona mwenyewe. Atujalie mvua. Awalinde watoto walioketi hapa mbele na waliolala hapa nyuma. Ni sisi, wakazi wa Skarland: familia ya Sather, familia ya Moen, familia ya Brekke, familia ya Haugen..."

Hapo orodha ilikuwa na jina lililokatwa. Nils alilikata kwa kalamu nene, akaukazia mstari mpaka karatasi ikatoboka. Gudrun alikuwa amembishia usiku mmoja kwenye kamati na akashindwa kwa kura. Sasa aliliangalia lile tundu, na kupitia tundu lile aliona majani.

"...na familia ya Reiter," alisoma.

"Hilo nililikata," Nils alinong'ona.

"Nimeona."

Ndipo alipoinua macho. Kule nyuma, penye lori, Dolph Reiter alikuwa amesimama wima. Alivua kofia, akaiweka juu ya boneti. Kisha, mbele ya Kamishna na watoto na watu wote wa Skarland, alitia mikono yake miwili mfukoni. Upepo ulikuja na vumbi lake, ukampiga usoni, na machozi yakaanza kumchuruzika mpaka kidevuni. Hakutoa mkono kujifuta.